Nepi ya kuogelea si ruhusa ya kuingia kila bwawa la meli

Wazazi wengi wanaopanga safari ya meli ya kitalii huamini kwamba mtoto akishavaa nepi ya kuogelea, anaweza kuingia bwawa lolote melini. Ndivyo inavyodhaniwa, kwani nepi hizo huuzwa kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini mkojo hupita moja kwa moja. Nepi hii haifyonzi maji kama ya kawaida, ambayo ingevimba na kumlemea mtoto. Kinyesi kigumu huweza kubaki kwa muda. Cha kuharisha huanza kuvuja ndani ya dakika chache. Klorini huua vijidudu vingi upesi, ila kimelea cha kriptosporidiamu huweza kuishi zaidi ya siku 7 hata katika maji yaliyotiwa dawa ipasavyo. Ndiyo maana meli nyingi zinazotoka bandari za Marekani haziruhusu mtoto asiyejua kutumia choo kuingia bwawani, awe na nepi au asiwe nayo.

Baadhi zina eneo la watoto wadogo lenye vichemchemi vya maji na mfumo wake wa kuchuja. Hapo nepi ya kuogelea hukubaliwa.

Ijaribu nyumbani: ishike juu ya beseni, mimina kikombe cha maji, utayaona yakichuruzika. Kabla ya kulipa, soma masharti ya meli utakayopanda hasa, maana hata meli za kampuni moja hutofautiana. Mkifika, kagua nepi kila nusu saa hadi saa moja, umbadilishie mbali na maji. Anayeharisha asiingie kabisa.