Nipa kwenye mikoko ya Nigeria, na yale tunayodanganyana kuhusu tope

"Mti ni mti bwana, bora pwani iwe kijani." Hii naisikia sana na si kweli kabisa. Angalia delta ya mto Niger, mwaka 1906 Waingereza walichukua nipa, mmea wa jamii ya mnazi, kutoka Singapore wakaipanda Calabar, 1912 wakapeleka na Oron, nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na leo imejaa kwenye vijito mpaka jimbo la Bayelsa huko. Ukiiona utadhani makuti ya mnazi yamechomoza tu matopeni bila shina, kumbe shina lipo, limelala chini ya tope.

Na hapo ndo kwenye ishu yenyewe. Mkoko una ile mizizi ya miguu miguu inayosimama juu ya tope, maji yakipita yanapungua kasi, tope linatua, majani yakidondoka kaa wanayavuta mashimoni wanakula, yale mashimo yanaingiza hewa chini, hivo ndo udongo wa mikoko unavotengenezwa, kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka unapata lile tope jeusi la nyuzinyuzi ambalo wenyeji wanaliita chikoko. Nipa haina mizizi ya hivo. Inasimama imebanana, chini kiza, miche ya mikoko haipati jua.

Wengine wanasema basi nipa ni mmea mbaya. Hapana, kwao Malaysia, Indonesia na Ufilipino ni mmea wa nyumbani, watu wanaezekea paa na wanagema utomvu wake wanapata sukari na siki. Tatizo ni kuhamishwa, halafu kule Nigeria ikakuta nafasi wazi: mikoko imekatwa kuni, mingine imekufa kwa mafuta ghafi yaliyomwagika kama kule mji wa Bodo 2008. Kuilaumu nipa peke yake unaacha mafuta yamekaa pale pale kwenye tope.

"Si wakate tu?" Ukikata makuti yanaota tena maana shina liko chini. Na ukifukua hovyo tope likakauka ni hatari zaidi, udongo wa mikoko una salfa nyingi iliyofungwa na chuma, ikikutana na hewa inageuka asidi, hata huo mche wa mkoko utakaoupanda utateseka. Kwa hiyo unatoa shina kipande kwa kipande, tope libaki linafikiwa na maji ya bahari, na mikoko unapanda mapema, maana mbegu za nipa zinaelea na nyingine zinafika zimeshaanza kuchipua.