Wasoshalisti wa Bunge la Ulaya: kundi, si chama

Ukisikia kwenye habari kwamba "Wasoshalisti wamepinga muswada Strasbourg", usidhani kuna chama kimoja kinachopiga kampeni kuanzia Ureno hadi Finland. Hilo ni kundi la wabunge. Katika Bunge la Ulaya, ambalo hukutana Strasbourg nchini Ufaransa, watu hawaketi kwa nchi, huketi kwa mrengo: Mhispania kando ya Msweden, kila mmoja na visikilizio masikioni, maana lugha rasmi ni 24.

Kundi haliundwi hivihivi. Linataka wabunge wasiopungua 23, tena kutoka angalau robo ya nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya, yaani 7 kati ya 27. Wajerumani wana viti 96, lakini peke yao hawawezi. Mwenye kundi hupata fedha, watumishi na muda mrefu zaidi wa kuzungumza. Asiye nalo huambulia makombo.

Kundi hili la Wasoshalisti na Wademokrasia, kwa kifupi S&D, lilianza 1953 katika baraza la jumuiya ya makaa ya mawe na chuma, iliyotangulia Umoja wa Ulaya. Baada ya uchaguzi wa 2024 lilikuwa la pili kwa ukubwa, viti 136 kati ya 720. Kuitwa la mrengo wa kati-kushoto maana yake linakubali soko na mali binafsi, ila linataka sheria imlinde mfanyakazi na tajiri alipe kodi ya kutosha. Msomaji wa Tanzania asilichanganye na ujamaa wa kutaifisha mabenki wa 1967.

Jina lenyewe lina kisa. Chama cha Demokrasia cha Italia kilizaliwa 2007 kwa kuunganisha waliokuwa wakomunisti na Wakatoliki wa siasa za kati. Hao wa pili kuitwa wasoshalisti hawakutaka kabisa. Basi 2009 kundi likaongeza neno "Wademokrasia", na Waitalia wakaingia.

Siku ya kura, mbunge mmoja aliyeketi mbele huinua mkono: dole gumba juu, ungeni mkono, dole chini, kataeni. Kura huenda mfululizo, nyingi mno, na bila dole hilo wengi wangepotea. Lakini dole si amri. Kundi haliwezi kumvua mtu ubunge, na jina lake kwenye orodha ya uchaguzi ujao huwekwa na chama chake cha nyumbani.

Mfano ni mwaka 2019: Mjerumani Ursula von der Leyen alipoomba kura za kuongoza Kamisheni, yaani serikali ya Umoja wa Ulaya, uongozi wa kundi ulitangaza kumuunga mkono. Wabunge wa SPD, chama cha Ujerumani kilichomo katika kundi hili na kilichokuwa kikitawala nchi hiyo pamoja na chama cha von der Leyen mwenyewe, wakasema hadharani hawamtaki. Alihitaji kura 374. Akapata 383.