MAGAZIJUTO haimalizi kila ubishi wa hesabu

Vijiweni Mtwara na Lindi, na kwenye makundi ya simu, hesabu kama 24 ÷ 4(1 + 2) huzua ubishi: huyu anapata 18, yule 2. Wengi huamini kwamba jibu sahihi ni moja tu, na MAGAZIJUTO ya shuleni (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inatosha kulipata.

Imani hiyo ina msingi, maana kanuni hiyo huongoza hesabu nyingi vizuri. Ila kugawanya na kuzidisha vina daraja moja. Huanza kinachotangulia kushoto. Kujumlisha na kutoa ni vivyo hivyo: 10 − 3 + 2 ni 9, si 5, ingawa JU hutangulia TO.

Tatizo la 24 ÷ 4(1 + 2) ni uandishi wake. Ukienda kushoto kwenda kulia, unapata 6 × 3. Ukiona 4(1 + 2) kuwa kitu kimoja, kama wengi wanavyosoma aljebra, unagawa 24 kwa 12.

Tuchukue korosho. Kilo 24 zikigawiwa kaya 4, kila kaya ina mtu mzima 1 na watoto 2, kila mtu anapata kilo 2: 24 ÷ (4 × (1 + 2)). Zikifungwa mifuko 4 sawa, ukauza 1 asubuhi na 2 jioni, umeuza kilo 18: (24 ÷ 4) × (1 + 2). Ni maswali mawili tofauti kabisa, na mabano ndiyo yanayoyatenganisha.

Ukitaka kuhakikisha, ingiza hesabu ile ya kwanza kwenye vikokotoo vya aina mbalimbali. Huenda vikatofautiana, kwa sababu watengenezaji hawakuafikiana kuhusu kuzidisha kusikoandikwa alama, kama katika 4(1 + 2).