Tenzi si za Waislamu peke yao

Ukitembelea kanisa la Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani kisha ikashikwa na Wakonsolata wa Italia, usishangae mwenzako akikwambia: "Sisi Wakatoliki tuna nyimbo, tenzi ni za Waislamu wa Pwani." Asili ya tenzi, yaani mashairi marefu ya kusimulia habari, ni huko kweli, hilo halina ubishi. Lakini Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma, alisimulia habari za Yesu katika Utenzi wa Enjili Takatifu, uliotoka 1963. Mizani, yaani silabi, nane kila mstari. Katika kila ubeti mistari mitatu inaoana vina, wa nne unashika kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ughani utenzi huo kwa sauti humo kanisani, ila subiri misa iishe.