Kibanda cha Mkiani: Kwa Nini Mynarski Hakuweza Kumtoa Mwenzake

Wengi wanaomkumbuka Andrew Mynarski, mpiga bunduki wa ndege wa Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia, huanza na saluti aliyopiga kabla ya kuruka kutoka ndege iliyokuwa ikiungua. Mimi ni fundi wa mifumo ya haidroliki ya ndege, yaani ile inayoendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, kwa hiyo naanza na mafuta hayo.

Ndege yao, Lancaster, ya Kiingereza ya kudondosha mabomu, ilibeba watu saba. Mynarski, kijana wa Winnipeg, Kanada, aliyezaliwa na wahamiaji kutoka Poland, alikaa kwenye kibanda cha bunduki cha juu ya mgongo wa ndege. Rafiki yake Pat Brophy alikuwa peke yake mkiani, na bunduki nne. Kibanda cha mkiani kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta, na pampu yake iliendeshwa na injini ya upande wa kushoto. Milango yake iko mgongoni mwa mpiga bunduki. Kibanda kikitazama nyuma moja kwa moja, anaweza kurudi ndani ya ndege. Kikigeuzwa pembeni kabisa, anaweza kujitupa nje kinyumenyume. Kikikwama katikati ya hapo, hana pa kutokea.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, wiki moja tu baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, kikosi chao, cha 419 cha Kanada, kilitumwa kupiga reli za Cambrai, huko huko Ufaransa. Ndege ya Kijerumani ikawavamia kutokea nyuma, kwa chini. Injini zote mbili za kushoto zikazima, na pampu nayo basi. Brophy akashika hendeli ya kuzungushia kwa mkono, ikavunjika.

Mynarski alikuwa amefika kwenye mlango wa kurukia alipomwona. Akapita katikati ya moto, akapiga kwa shoka, akavuta kwa mikono. Nguo zake zikawaka hadi kiunoni, na mwavuli wake wa kurukia pia. Niseme kama fundi: bila pampu, bila hendeli, kibanda kile hakisogezwi na mtu mmoja, hata asiyeungua. Brophy akamwashiria aende. Mynarski akarudi mlangoni, akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Wafaransa waliomwona akishuka huku akiwaka walimpata, lakini akafa kwa majeraha yake. Amezikwa Méharicourt.

Ndege ilipoanguka, Brophy akatupwa nje, mzima. Wale wengine watano pia walipona. Basi wapo wanaosema Mynarski alikufa bure. Sikubaliani nao, pale angani, nani angejua? Tena Brophy ndiye aliyekuwa shahidi pekee. Angekufa, Mynarski angebaki jina moja tu kati ya wanajeshi 55,573 waliouawa wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, ambayo kikosi chao kilikuwa chini yake. Kwa ushahidi wake, Oktoba 1946 Mynarski alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Lancaster ya makumbusho ya Hamilton, Ontario, imepakwa herufi za ndege yao, VR-A. Ukifika huko, watu watajaa mbele kwa rubani. Wewe nenda mkiani, utazame upana wa ile milango.