Oktani kubwa si nguvu zaidi

Wengi huamini kwamba petroli ya oktani 98 ina nguvu kuliko ya 91, kwa hiyo ukiijaza gari litachanganya haraka. Sivyo. Namba ile huonyesha jambo moja: petroli inavyostahimili kushindiliwa ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe badala ya kuwashwa na moto wa plagi. Injini yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) au mgandamizo mkubwa mara nyingi huihitaji kweli petroli ya oktani kubwa. Ukiinyima, unaweza kuisikia ikigonga unapopanda mlima, kama kokoto ndani ya kopo, na kugonga huko kukizidi huweza kutoboa pistoni. Lakini injini iliyoundwa kwa 91 kwa kawaida haiambulii kitu ukiijaza 98. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko, au kitabu cha gari, ujaze kinachotakiwa.