Pinotage si mchanganyiko wa waini mbili

Ukikaa kwenye nyama choma Njiro au Sakina, Arusha, na chupa ya waini ya Pinotage ikafika mezani, hakosekani wa kuieleza: "Hiyo ni mchanganyiko, kaka. Wamechukua Pinot Noir wakatia na nyingine." Wahudumu nao wanaisema hivyohivyo, na mteja anaondoka nayo kama ilivyo.

Pinotage ni aina ya zabibu nyeusi iliyozalishwa Afrika Kusini, na waini nyekundu inayotokana nayo hubeba jina hilohilo. Maana yenyewe imeishia hapo. Kinachohitaji maelezo ni hilo neno mchanganyiko.

Mwaka 1925, Abraham Izak Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichavusha mizabibu miwili ya Kifaransa: Pinot Noir, wenye waini nzuri sana lakini msumbufu shambani, na Cinsaut, unaovumilia joto na kuzaa kwa wingi. Alipata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo. Alipohamia kazi nyingine bustani ikawa pori, na siku walipokuja wafyekaji, miche hiyo ingeishia kwenye takataka kama mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, asingeijua na kuiokoa. Cinsaut huko waliiita Hermitage, ndiyo maana jina linaishia na "tage". Waini ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1941. Jina lilionekana kwenye lebo ya chupa mwaka 1961.

Mkulima wa Machame au Kibosho haoni ugumu hapa. Chotara za kahawa za kituo cha utafiti cha Lyamungo, zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, hakuna anayeziita kahawa ya kuchanganya. Ni mmea mmoja wenye jina lake. Kuchanganya hufanyika kiwandani, zabibu zikishakuwa waini. Pinotage ilipatikana kwenye ua la mzabibu, kabla hata ya tunda. Na haifanani sana na wazazi wake: Pinot Noir ina rangi nyepesi, hii ni nzito, ina plamu na moshi.

Wakati mwingine inanukia ndizi mbivu, hasa ikiwa changa. Hakuna aliyetia ndizi. Inapochacha hujitengenezea isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Vivyo hivyo zile chupa zinazonukia kahawa, mtindo uliovuma kuanzia shamba la Diemersfontein mwanzoni mwa miaka ya 2000: harufu inatoka kwenye mbao za mwaloni zilizobabuliwa sana kwa moto. Hata Moshi, kwenye kahawa yetu wenyewe, nimesikia watu wakiapa kwamba imetiwa buni.

Kwa chakula, itafutie mafuta na moshi. Mbavu za mbuzi zilizochomwa taratibu hadi mafuta yakadondokea mkaa, pembeni ndizi za kuchoma, hapo ule ukakasi unaokausha ulimi unalainika kabisa. Machalari, zile ndizi za kupika, yenye nyama ya mafuta inakwenda nayo pia. Pilipili kichaa punguza, kwa sababu kilevi cha asilimia 14 huuchochea ule ukali. Sato mwachie waini nyeupe. Na kwa joto la Moshi, iweke chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua.

Mchanganyiko wa kweli upo, na unaitwa Cape Blend: Pinotage iliyounganishwa na waini za zabibu nyingine, mara nyingi Cabernet Sauvignon au Merlot. Dada anayekuhudumia akikuletea hiyo na kusema imechanganywa, yuko sahihi. Lebo ikisema Pinotage peke yake, sheria ya Afrika Kusini inadai angalau asilimia 85 iwe zabibu hiyo, kwa hiyo mwambie kwa upole kwamba hii ni zabibu, na umwonyeshe jina lake kwenye chupa.